Walilala na dhahabu, wakaamka na kiu

Mzee mmoja amelala kifudifudi kando ya barabara, katikati ya jangwa. Midomo imepasuka, sauti imekauka, na mkononi ameng'ang'ania mkuo mmoja wa dhahabu. Gari linasimama. Anashuka mwanamume, anamwinamia, naye mzee anamnyooshea ule mkuo: chukua, ni dhahabu halisi, nipe maji, nifikishe mjini. Anakata roho kabla hajajibiwa. Yule mwanamume anaugeuzageuza mkuo mkononi, na mkewe anapomwuliza kama zamani watu hawakukitumia kama fedha, anamjibu kwamba ndivyo, kabla haijapatikana njia ya kukitengeneza. Kisha anautupa.

Ndivyo inavyomalizika "The Rip Van Winkle Caper", sehemu ya 24 ya msimu wa pili wa The Twilight Zone, iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani usiku wa Aprili 21, 1961. Yuri Gagarin alikuwa na siku tisa tu tangu arudi kutoka angani. Siku kumi baadaye Tanganyika ikapata madaraka ya ndani. Kwetu hapakuwa na televisheni ya kuitazamia. Bara tulisubiri hadi 1994.

Nimeanza na mwisho kwa makusudi. Anayeitazama leo akijua yote hayo hapotezi kitu, maana uhondo wa kisa hiki uko njiani, baina ya pango na barabara. Na kadiri miaka inavyokwenda, swali lake linazidi kuuma: mtu akilala karne nzima, aende na kitu gani ambacho kitafika kingali na thamani?

Wezi ni wanne, kila mmoja na ufundi wake. Farwell, kiongozi wao, ni profesa wa zamani mwenye shahada za udaktari za kemia na fizikia, mjuzi wa gesi. Erbie ni mhandisi wa mitambo. Brooks ni mtu wa bunduki. DeCruz kazi yake ni baruti na ubomoaji. Wameiteka treni iliyokuwa ikipeleka dhahabu kutoka Fort Knox kwenda Los Angeles na kuondoka na shehena ya dola milioni 1. Polisi wa nchi nzima watawasaka. Farwell amekwisha kuandaa pa kujificha: pango katika Death Valley, bonde la jangwa la California, na ndani yake masanduku manne ya kioo. Kila mtu ataingia lake, gesi itafunguliwa, nao watalala miaka mia. Wakiamka, kila mpelelezi atakuwa kaburini, kesi itakuwa imesahaulika, na wao wataingia mjini wakiwa matajiri ambao hakuna awajuaye.

Wanaamka. Nyuso ni zile zile, pango ni lile lile, na DeCruz anaanza kushuku kwamba hawakulala hata saa moja. Shaka inamwisha wanapolifikia sanduku la Erbie. Jiwe liliporomoka, likapasua kioo, gesi ikavuja. Ndani imebaki mifupa mitupu. Hiyo ndiyo kalenda yao.

Tangu hapo wanapukutika. DeCruz anamgonga Brooks kwa lori walilokuwa wamelipaka grisi ya kuzuia kutu kabla ya kulala, na lori lenyewe linaishia korongoni. Wanabaki wawili, yeye na Farwell, wakitembea kwa miguu na mikuo mgongoni katika bonde ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Ni huko huko, mahali panapoitwa Furnace Creek, ambako Julai 10, 1913 kipimajoto kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi, joto la hewa ambalo hadi leo ndilo rekodi rasmi ya dunia.

Njiani Farwell anagundua kwamba chupa yake ya maji haipo. DeCruz anayo yake, naye yuko tayari kuuza. Funda moja, mkuo mmoja.

Mandhari hiyo ya kuuziana maji ndiyo sababu ya mimi kuiandikia sehemu hii makala. Farwell analipa. Anakunywa, anatembea, kiu inarudi, analipa tena. Mzigo wake unapungua, wa DeCruz unaongezeka, na jua haliwaonei haya wote wawili. Kisha muuzaji anapandisha bei: sasa ni mikuo miwili. Farwell, msomi aliyepanga kila kitu kuanzia treni hadi gesi, anachukua mkuo na kumpigia nao DeCruz mpaka anakufa. Halafu anaendelea peke yake, akiidondosha dhahabu njiani kadiri nguvu zinavyomwishia, hadi unabaki mkuo mmoja wa kufia nao.

Tazama vizuri soko lile la watu wawili. Dunia nzima ya wakati huo imekwisha kuidharau dhahabu, ila wao hawajui, na kwa kuwa hawajui, dhahabu inanunua maji. Bei inapanda kama zipandavyo bei zote bidhaa ikiwa adimu na muuzaji akiwa mmoja. Ni biashara halali kabisa baina ya watu wawili wa mwaka 1961 waliopotea katika karne isiyo yao. Thamani ya mkuo haikuwa ndani ya mkuo; ilikuwa ni mapatano, na walioafikiana walikuwa wamebaki wawili tu. DeCruz alipokufa, mapatano yalikufa naye. Farwell aliendelea kubeba chuma cha manjano.

Mwandishi wa sehemu hii ni Rod Serling, aliyezaliwa Syracuse, New York, mwaka 1924 na kupigana Ufilipino katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa miavuli. Kabla ya The Twilight Zone alikuwa na jina kubwa katika tamthilia za televisheni, lakini wadhamini walimchosha. Mwaka 1956 alitaka kuandika kuhusu mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka mmoja kabla. Tamthilia hiyo, "Noon on Doomsday", ilikatwakatwa hadi haikujulikana tena inamhusu nani. Akajifunza kwamba jambo ambalo mhusika wa kawaida hataruhusiwa kulisema, kiumbe wa sayari nyingine atalisema na matangazo ya sabuni yataendelea. Kati ya sehemu 156 za The Twilight Zone zilizorushwa kuanzia 1959 hadi 1964, aliandika 92. Anayeandika kwa kasi hiyo lazima vyungu vingine viungue. Hii ni ya daraja la kati kwa ufundi na ya daraja la juu kwa wazo.

Hebu tufanye hesabu ambayo Serling hakuwafanyia watazamaji wake. Mwaka 1961 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia. Kwa bei hiyo dola milioni 1 ni wakia zipatazo 28,570, yaani kama kilo 889. Dhahabu ni nzito mno kwa umbo lake, hivyo mzigo wote huo ungeenea katika madumu mawili ya lita 20 na kubakiza lita sita hivi. Mkuo wa kawaida wa benki kuu una takriban wakia 400, kilo 12 na nusu. Wezi wangekuwa na mikuo kama 71. Kwenye skrini DeCruz na Farwell wanaijaza mifukoni na kuondoka nayo. Mchimbaji yeyote wa Geita angecheka: mikuo minne tu ni kilo 50, na hapo hujabeba maji.

Kuna pia jambo la sheria. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt aliwapiga marufuku raia wa Marekani kuweka dhahabu ya mikuo na sarafu, ukiacha vito, sarafu za wakusanyaji na matumizi machache mengine, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 1974. Maana yake ni kwamba siku sehemu hii iliporushwa, Mmarekani wa kawaida hakuruhusiwa kumiliki mkuo hata kama aliurithi kwa babu yake. Farwell aliiba kitu ambacho kwa wakati wake asingeweza kukiuza waziwazi, akakipeleka kwa watu ambao kwao hakina bei. Serling halisemi hilo, lakini watazamaji wake wazima walilijua.

Miaka mia ya wezi hao itatimia 2061, mwaka ule ule ambao nyota yenye mkia ya Halley inatarajiwa kurudi. Tuko karibu na theluthi mbili ya usingizi wao, na mpaka sasa Serling anaonekana amekosea vibaya. Mwaka 1971 Rais Richard Nixon aliufunga mlango wa kubadilisha dola kwa dhahabu, bei ikaachiwa ipande yenyewe, na Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Shehena ile ya dola milioni 1 ingekuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 110. Fedha taslimu ya kiasi hicho hicho, kwa kufuata mfumuko wa bei, ingehitaji kuwa kama dola milioni 10 na ushei ili inunue kilichonunuliwa mwaka ule. Benki kuu nyingi zinanunua dhahabu kwa pupa. Hata Benki Kuu ya Tanzania ilianza mwaka 2023 kununua dhahabu ya ndani kwa ajili ya akiba. Lau saa ya Farwell ingewaamsha mapema, tungekuwa na hadithi ya majambazi waliofaulu, na Serling asingekuwa na mwisho.

Je, inawezekana kweli dhahabu ikawa takataka? Kuitengeneza kunawezekana na kumekwisha kufanyika. Mwaka 1980 Glenn Seaborg na wenzake katika maabara ya Berkeley, California, waligeuza atomi chache za bismathi kuwa dhahabu kwa gharama ambayo hakuna sonara angeifikiria. Mwaka 2025 wanasayansi wa CERN walieleza kwamba katika mashine yao kubwa ya kugonganisha chembe, viini vya risasi vikipishana kwa karibu hupoteza protoni tatu na kuwa dhahabu. Kati ya 2015 na 2018 walipata viini bilioni 86 kwa njia hiyo. Vyote pamoja vina uzito wa pikogramu 29, na gramu moja ina pikogramu trilioni moja. Masonara wa Kariakoo waendelee kufungua maduka.

Ila jambo lenyewe, la kitu cha thamani kuporomoka kwa sababu njia ya kukipata kwa wingi imegunduliwa, limetokea zaidi ya mara moja. Mnara wa Washington ulipokamilishwa Desemba 1884, wajenzi waliuvika kileleni piramidi ndogo ya aluminiamu yenye wakia 100. Kwa wakati huo metali hiyo ilikuwa na bei ya kukaribiana na ya madini ya fedha, na kabla ya kupandishwa juu ilionyeshwa katika duka la vito la Tiffany jijini New York, ambako watu waliiruka ili waje wasimulie kwamba wameruka kilele cha mnara wa Washington. Miaka miwili baadaye, Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, bila kushauriana, waligundua njia ya kuichuja aluminiamu kwa umeme. Leo tunapikia ugali.

Pwani yetu nayo ilishiriki katika anguko kama hilo. Afrika Magharibi ilitumia kauri kama fedha kwa karne nyingi, kauri ndogo nyeupe kutoka visiwa vya Maldivi. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya Hertz na ile ya O'Swald, waligundua kwamba kauri za aina nyingine zilizojaa katika fukwe za Zanzibar na pwani ya jirani zilikubalika kule kwa bei nzuri. Wakapakia meli kwa meli hadi Lagos na Whydah. Faida ya mwanzo ilikuwa ya ajabu, na matokeo yake yalikuwa yale ambayo mwanafunzi yeyote wa uchumi angeyatabiri: soko likafurika, kauri ikapoteza thamani, na familia zilizokuwa zimefukia akiba yao ardhini zikafukua makombe. Hao hawakuhitaji kulala miaka mia. Walilala usiku mmoja mmoja kama sisi.

Karibu zaidi, Juni 1, 2019, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika ifikapo Septemba 30. Tarehe ilipopita, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudi. Mahali fulani ziko chini ya magodoro, au ndani ya kuta, zikiwa na thamani ile ile ya mkuo wa Farwell.

Wasomaji wengi watakuwa wamekwisha kuwakumbuka walalaji wa zamani zaidi. Kisa cha Watu wa Pango, As-habul Kahf, kimo katika sura ya 18 ya Kurani: vijana waliokimbilia pangoni na mbwa wao kwa ajili ya imani yao, wakalala miaka mia tatu na kuzidi tisa. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao akanunue chakula kizuri. Katika masimulizi ya wafasiri, na katika yale ya Wakristo kuhusu walalaji saba wa Efeso, ile fedha ndiyo inayowafichua. Muuzaji anaiona sarafu ya mfalme aliyekwisha kufa zamani na kudhani kijana amechimbua hazina. Kwa simulizi la Kikristo mfalme huyo ni Decius wa Roma, na waliyeamka katika zama zake ni Theodosius wa Pili.

Tofauti baina ya pango la Efeso na pango la Death Valley inastahili kutazamwa. Sarafu ya wale vijana nayo ilipoteza kazi, lakini hawakuwa wamelala kwa ajili ya sarafu. Walilala wakiwa wachache wanaowindwa na wakaamka katika mji ambao imani yao imekubalika. Walichokwenda nacho kilifika. Wezi wa Serling walilala ili tu waifikishe mali, na mali ndiyo pekee iliyofia njiani.

Jina la sehemu hii limetokana na Rip Van Winkle, mkulima mvivu wa Washington Irving aliyelala miaka 20 katika milima ya Catskill na kuamka akimsifu mfalme wa Uingereza katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Irving aliichapisha mwaka 1819. Mwisho wa karne hiyo H. G. Wells aligeuza mzani: mtu wake, Graham, analala miaka 203 na kuamka akiwa mmiliki wa karibu dunia yote, kwa sababu mali yake ilikuwa ikizaa na wadhamini wa mirathi wakaisimamia. Wells alikuwa mjamaa, na aliijua riba juu ya riba kuliko mabenki.

Televisheni imerudia hesabu ya Wells kwa kicheko. Katika Futurama, katuni iliyoanza 1999, kijana mpeleka piza anayeitwa Fry anaanguka ndani ya mtambo wa kugandisha watu usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuamka baada ya miaka elfu. Katika sehemu ya "A Fishful of Dollars" anakumbuka akaunti yake ya benki iliyokuwa na senti 93. Kwa riba ya asilimia 2.25 kwa mwaka, kwa miaka 1,000, amekuwa na dola bilioni 4.3. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kikokotoo na inatoka sawasawa. Kichekesho kipo kwingine: benki iliyodumu miaka elfu bila kufilisika, bila vita, bila sarafu kubadilishwa, bila ada ya mwezi. Ada ya mwezi peke yake ingezimaliza zile senti kabla ya Pasaka.

Halafu kuna Star Trek. "The Neutral Zone", iliyofunga msimu wa kwanza wa The Next Generation Mei 1988, inawaamsha Wamarekani watatu waliogandishwa karne ya 20 ndani ya chombo kilichokuwa kikielea angani. Mwaka ni 2364. Mmoja ni Ralph Offenhouse, mtu wa hisa na mabenki, ambaye anataka kuzungumza na wakili wake. Nahodha Picard anamweleza, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba watu wamekwisha kuacha kulimbikiza vitu, na kwamba njaa na uhitaji vimeondolewa. Kuna kipande kimoja kizuri: Offenhouse anautumia mtambo wa mawasiliano wa chombo kumsumbua nahodha, na anapokemewa anauliza, kama ni wa muhimu hivyo, mbona hauna ufunguo? Anajibiwa kwamba hapa kila mtu anaweza kujizuia. Ni jibu zuri, ingawa ni la mtu ambaye hajawahi kuishi nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme. Na mtambo wa kibinadamu wa chombo hicho, Data, anawaarifu wageni kwamba televisheni haikudumu sana baada ya mwaka 2040. Maneno hayo yaliandikwa na watu wa televisheni.

Wa pili ni Clare Raymond, mama wa nyumbani, naye anawazidi wote. Haulizi fedha. Anawalilia wanawe wawili waliokwisha kufa karne nyingi zilizopita, na anaposaidiwa kuutafuta ukoo wake anaambiwa kwamba mmoja wa wazao wake anaishi na anafanana mno na mumewe. Anaamua kwenda huko. Miongoni mwa walalaji wote wa televisheni niliowaona, ndiye aliyekuwa na kitu cha kukiendea.

Watu waliogandishwa si wa kubuni peke yao. Januari 12, 1967, karibu miaka sita baada ya sehemu ya Serling kurushwa, James Bedford, profesa mstaafu wa saikolojia, alikufa kwa saratani huko California na mwili wake ukagandishwa kwa matumaini ya kuamshwa siku za usoni. Ndiye wa kwanza. Hadi leo yuko ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, katika taasisi ya Alcor mjini Scottsdale, Arizona, ambako kuwekwa mwili mzima hugharimu zaidi ya dola 200,000. Wengi hulipia kwa bima ya maisha. Minyoo midogo imefufuka Siberia baada ya kuganda miaka 46,000, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa 2023, lakini hakuna mnyama mkubwa aliyewahi kugandishwa hivyo na kurudi, sembuse mtu aliyekwisha kufa.

Aliyeongoza kazi ya kumgandisha Bedford alikuwa Robert Nelson, fundi televisheni. Baadaye aliwaweka wengine katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth, California. Naitrojeni hugeuka mvuke; lazima iongezwe tena na tena, na kila mara ina bili. Baadhi ya jamaa waliacha kulipa, fedha zikaisha, mitambo ikaharibika. Mwaka 1979 ikajulikana kwamba miili tisa ilikuwa imeyeyuka na kuoza, na kesi ikafuata mahakamani. Bedford alinusurika kwa sababu familia yake ilikuwa imemwondoa mikononi mwa Nelson mapema na ikaendelea kumhangaikia kwa miaka, ikimhamisha kutoka ghala hadi ghala.

Ukiitazama "The Rip Van Winkle Caper" baada ya kusoma habari za Chatsworth, sanduku la Erbie linatisha kuliko dhahabu. Serling alihitaji jiwe lipasue kioo. Katika dunia yetu ilitosha mtu aliye macho asilipe. Farwell alidhani amepata mahali ambapo hatamhitaji mtu yeyote kwa miaka mia, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko yote, kabla hata ya mkuo wa kwanza kutoka mfukoni. Mlalaji yuko chini ya rehema ya wanaokesha: wao ndio watakaoamua pango libaki pango, sarafu ibaki sarafu, na kama barabara ya jangwani itakuwa na mtu wa kusimamisha gari.

Sehemu ina kasoro zake. DeCruz ni mbaya tangu dakika ya kwanza, hivyo haushangai anapoua. Mustakabali wote wa mwaka 2061 umewakilishwa na gari la ajabuajabu na mavazi ya watu wawili, kwa kuwa bajeti haikuruhusu zaidi. Na yule mke garini yupo aulize tu, ili mumewe apate nafasi ya kutueleza sisi. Oscar Beregi aliyeigiza Farwell, hata hivyo, anaubeba mwendo wa jangwani kwa uso tu, kutoka profesa anayetoa maagizo hadi mzee anayetambaa.

Ya Futurama itakuchekesha, na ya Star Trek inafaa kwa anayetaka kuamini kwamba tutakuwa watu wema. Lakini kama una nusu saa Jumamosi hii na unaweza kuipata, anza na ya Serling. Ni dakika 25, ni nyeusi na nyeupe, na watoto wanaoogopa mifupa walale kwanza.